Aliyesubiri Tundu Dogo

Kisa hiki ni cha kubuni. Ugonjwa wenyewe si wa kubuni, na mtu wa namna hii hakosekani kwenye maduara ya dhahabu ya Geita: Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa.

Mchimbaji mmoja aliinama kunyanyua kiroba cha mawe, akasikia kitu kimekatika kiunoni. Hakuanguka. Alimaliza zamu, maana mgawo haumsubiri mgonjwa. Usiku maumivu yakateremka takoni, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Alichomwa sindano za diklofenaki, akakandwa na mzee, akachanjwa chale. Kusubiri kwake mwanzoni hakukuwa kosa: diski nyingi zilizochomoza hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Maumivu yalipogoma alikwenda hospitali ya rufaa Mwanza. Kwanza walihakikisha si kifua kikuu cha mgongo, na walifanya vema, kwani vumbi la mwamba huyachosha mapafu ya wachimbaji na kuukaribisha ugonjwa huo. Kipimo cha MRI kikaonyesha diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imepasuka, na ute wake umetoka kama tope la marudio kwenye kiroba kilichochanika, ukabana mshipa wa fahamu.

Daktari akashauri upasuaji wa wazi. Kaka yake wa Kahama akapiga simu: "Ngosha, usikubali kupasuliwa mgongo! Siku hizi wanatoboa tundu tu, unarudi nyumbani kesho yake." Akaaga hospitali, akarudi Nyarugusu kusubiri duara litoe dhahabu ya kulipia tundu.

Kaka hakusema uongo. Upasuaji wa wazi una historia ndefu: mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston walieleza kuwa diski iliyopasuka ndiyo huwatesa wengi kwa maumivu ya mguu, na kwamba kuiondoa huwaponya. Mwaka 1977 wapasuaji Yasargil na Caspar wakaleta hadubini, mpasuo ukapungua. Mwaka 1997 Foley na Smith wakaeleza njia ya kupitisha bomba jembamba na kamera katikati ya misuli bila kuibandua mfupani. Kidonda kinakuwa kidogo, na hatari ya kuingiwa na vijidudu hupungua.

Lakini kazi ndani ni ileile: kuufungulia mshipa uliobanwa. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 328, wengine wakifanyiwa kwa bomba, wengine kwa njia ya kawaida yenye mpasuo mdogo, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Baada ya mwaka mmoja, wa bomba hawakuwa wamewazidi wenzao; maumivu ya mguu na ya mgongo yalibaki juu kidogo kwa hao wa bomba, ingawa tofauti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mkono wa daktari aliyeizoea njia yake una uzito zaidi kuliko urefu wa kovu. Mchimbaji aliogopa kovu kwa sababu kovu linaonekana. Mshipa hauonekani.

Mwezi wa tano wa kusubiri, unyayo wake ukaanza kuburuta ardhini. Akanunua viatu vizito. Kisha akaingiwa na ganzi katikati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli, na mkojo ukagoma. Aliona haya kumwambia mkewe. Akadhani ni UTI, akanunua vidonge dukani, siku tatu zikapita.

Dalili hizo mbili zikija pamoja na mgongo unaouma, ni dharura. Kifungu cha mishipa ya fahamu iliyo chini kabisa ya uti wa mgongo kimebanwa, na madaktari huhesabu saa: afadhali mgonjwa afanyiwe upasuaji ndani ya siku moja au mbili. Naye alikuwa Geita, mwaka ambao daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, na gari lake likakaa kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Mwanza.

Alipasuliwa kwa njia ya wazi, ileile aliyoikimbia, na mpasuo ukapona vizuri. Maumivu ya mguu yaliondoka. Nguvu ya unyayo haikurudi, wala mkojo, na tangu hapo anatembea na mpira wa mkojo.

Siku hizi anahesabu viroba kwenye karasha, mtambo wa kusaga mawe. Vijana wenye viuno vibovu humfuata kumuuliza upi bora, tundu au kisu. Huwauliza kwanza kama wanakojoa vizuri na kama wanahisi wanapokaa. Wakijibu ndiyo, huwaeleza njia zote mbili kwa kirefu, na kwa haki, bila kuipendelea hata moja. Mmoja alijibu kwamba tangu jana mkojo haujatoka. Huyo hakuelezwa kitu, aliitiwa gari.