Hukumu ya Ajuaye Kipimo Akanyamaza

Watu wengi wadhani kuwa hesabu za madaktari na wapimaji ni jambo la wataalamu peke yao, wala halimhusu mtu wa mtaani aendaye sokoni akarudi nyumbani kwake. Sisi twaona dhana hii si sawa. Mwenye kupima hewa, maji, udongo au damu za watu, kisha akaandika alichokiona, ameshakuwa shahidi. Na shahidi hana khiyari ya kusema au kunyamaza apendavyo. Basi swali tulitakalo kulizungumza ni hili: serikali ikiletewa hesabu ionyeshayo kuwa watu wake wanadhurika, yaipasa nini? Na hesabu iliyopatikana katika nchi moja, je, ni hoja juu ya nchi nyengine?

Ili maneno yetu yasiwe ya kuelea hewani, tutashika mfano mmoja uliothibiti, nao ni madini ya risasi.

Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba petroli ikitiwa dawa yenye risasi, injini ya gari haigongi. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo la siri, kwani hata matabibu wa Kiyunani wa kale walilijua. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa walikufa katika viwanda vilivyotengeneza dawa hiyo, na mwaka 1925 daktari Alice Hamilton alionya hadharani. Lakini wenye biashara walijibu kuwa hapana ushahidi kwamba moshi wa magari wamdhuru mpita njia. Jawabu hilo likasimama kwa muda wa miaka arubaini, na sababu yake kubwa ni kuwa utafiti mwingi wa jambo hili ulikuwa ukilipiwa na wenye biashara wenyewe. Nani katika sisi angekubali kesi ikatwe kwa ushahidi wa mtu aliyelipwa na mshitakiwa?

Kisha wakatokea wapimaji wengine. Mwaka 1965 mtaalamu Clair Patterson alieleza kuwa risasi iliyomo katika miili ya watu wa zama hizi imeizidi ile ya asili mara nyingi. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, akayapima, akaona kuwa watoto ambao meno yao yana risasi nyingi zaidi walikuwa nyuma ya wenzao katika akili na utulivu wa darasani, hali ya kuwa kwa macho walionekana wazima. Na baina ya mwaka 1976 na 1980 serikali ya Marekani ilipima damu za maelfu ya raia wake kote nchini. Katika miaka hiyo risasi katika petroli ilikuwa ikipunguzwa, na wastani wa risasi katika damu ukateremka pamoja nayo, kutoka kiasi cha maikrogramu 15 kwa kila desilita ya damu hadi kiasi cha 9. Mistari miwili, wa petroli na wa damu, ilishuka ikifuatana kama mtu na kivuli chake. Mwaka 1982 palikuwapo rai ya kuilegeza sheria. Hesabu hizi zilipowekwa mezani, rai hiyo ikaachwa, na mwaka 1985 sheria ikakazwa zaidi kuliko kwanza. Tangu mwaka 1996 petroli hiyo imepigwa marufuku huko kwa magari ya barabarani.

Hapa ndipo linapokuja jambo la kutazamwa kwa insafu. Damu ya mtoto wa Marekani iliposema, sheria ya Marekani ilibadilika. Lakini damu ya mtoto wa Dakar, wa Lagos au wa Mombasa ina tofauti gani? Risasi haiulizi pasi ya safari. Hata hivyo nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar kuafikiana juu ya jambo hili mwaka 2001, zikaacha kuuza petroli hiyo ilipoingia mwaka 2006. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, liliendelea kuzishughulikia nchi zilizobakia mpaka ya mwisho, Aljeria, ilipoacha mwezi wa Julai 2021. Tangu kuuzwa mara ya kwanza mpaka kukoma ni miaka 98. Kazi hiyo yastahili shukrani. Lakini yatupasa tujiulize pia, watoto waliozaliwa baina ya mwaka 1985 na 2006 katika miji yetu waliingojea nini khabari ambayo ulimwengu ulikwisha kuijua?

Kwa hivyo rai yetu ya kwanza ni kwamba hesabu iliyothibiti ya nchi moja ni hoja juu ya nchi zote ambazo watu wake ni wanaadamu. Akisema mtu, "Sisi bado hatujapima kwetu," twamjibu: ikiwa sumu ni ile ile na mwili ni ule ule, kungojea mpaka wako nao wadhurike ndipo usadiki si uangalifu, ni kuwafanya watu wako wa majaribio. Kupima kwahitajika ili kujua dhara liko wapi na limefika kadiri gani. Hakuhitajiki ili kujua kuwa sumu ni sumu.

La pili ni kuwa ukimya wa daftari si dalili ya afya. Nchi zinapopangwa kwa hesabu, ile iliyopima kwa uaminifu huonekana na aibu, na ile isiyopima huonekana safi. Huku ni kumwadhibu msema kweli. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa vijijini na majumbani. Mauti ndiyo yaliyofungua daftari hilo. Mwaka 2020 shirika la UNICEF na jumuiya ya Pure Earth walitangaza kuwa mtoto mmoja katika kila watatu ulimwenguni, yaani kama milioni 800, ana risasi ya maikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu yake, na wengi wao wako katika nchi masikini. Basi nchi yenye daftari tupu isijisifu, ijiulize.

La tatu, mpaka uliowekwa na wataalamu usifanywe kuwa ndiyo hukumu yenyewe ya haki. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, damu ya mtoto haikuhisabiwa kuwa na kasoro mpaka ifike maikrogramu 60. Mwaka 1991 mpaka ulikuwa 10, mwaka 2012 ukawa 5, na mwaka 2021 ukawa 3.5. Miili ya watoto haikugeuka. Kilichogeuka ni ujuzi wa wakubwa. Na Shirika la Afya Ulimwenguni lasema hapana kadiri ya risasi ijulikanayo kuwa ni salama. Basi mwenye kiwanda akisema, "Mimi sijavuka mpaka," amejibu swali la sheria, wala hajajibu swali la haki. Swali la haki ni hili: dhara hili lingaliweza kuepukwa, na nani amechagua lisiepukwe?

La nne, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote, ni kuwa damu ya mtoto isifanywe kengele. Risasi ikishaonekana katika damu, dhara limekwisha kuingia. Ziko dawa za kuipunguza inapokuwa nyingi mno, lakini akili iliyopotea hairudishwi. Mwenye kungojea kipimo cha damu ndipo azuie moshi ni kama anayeweka mtoto mlangoni ili ajue mwizi amefika. Vipimo vinavyostahili kutangulia ni vya hewa, vya udongo, vya rangi za kuta na vya maji yatokayo viwandani. Kipimo cha damu kibaki kuwa cha kuhakikisha kwamba ulinzi umefaa, kisiwe ndicho ulinzi wenyewe.

Wala mfano wa haya hauko mbali nasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Wakazi walilalamika kwa miaka, na damu za watoto zikapimwa zikaonekana zina risasi. Bibi Phyllis Omido, aliyesimama mbele katika kuwadaia haki, alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahkama ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3; hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufani, na mwezi wa Disemba 2024 Mahkama ya Juu ikairudisha. Tazama hesabu ya miaka: tangu moshi wa kwanza mpaka hukumu ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kilipofunguliwa amekwisha kuota ndevu.

Huenda mtu akasema: "Nchi masikini ina njaa na malaria, na viwanda ni riziki za watu, mambo haya ya vipimo ni anasa za matajiri." Twakubali kuwa riziki ni jambo kubwa, na asiyelijali hafai kusikilizwa. Lakini twauliza, ni riziki ya nani, na kwa gharama ya nani? Moshi haukai juu ya nyumba ya mwenye kiwanda. Wakaa juu ya nyumba za wale wasio na pahala pengine pa kuhamia. Na umasikini wa mtoto aliyepunguziwa akili hauponywi na mshahara wa baba yake. Kupima udongo kabla ya kutoa ruhusa ya kiwanda ni gharama ndogo ukiilinganisha na bilioni za fidia.

Wala fikra hii si ngeni kwa miji ya Kiislamu. Zamani, katika Shamu na Misri, alikuwako muhtasibu, aliyepita masokoni akitazama mizani, mikate, maziwa na dawa, wala hakungojea watu waugue ndipo aingie dukani. Kazi yake ilikuwa kupima mbele ya dhara.

Basi lililo juu yetu raia ni kuuliza. Kikitaka kujengwa kiwanda mtaani, tuulize: udongo na hewa vimepimwa? Na nani, amelipwa na nani? Majibu yako wapi, na je, yameandikwa kwa lugha tuifahamuyo? Na lililo juu ya watawala ni kuzitoa hesabu hizo bila ya kungojea kuulizwa, na kuzitendea kazi zikiwa bado ni za udongo, kabla hazijawa za damu. Kwani asiyejua ana udhuru. Ama ajuaye kipimo akanyamaza, huyo ni mshirika wa mwenye kudhuru.