Anayejaza Fomu Ni Nani?

Mwaka 1951, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Harvard alimtuma rafiki yake akamfanyie mtihani wa Kihispania. Wakakamatwa, wakafukuzwa wote wawili, ila waliambiwa wangeweza kurudi baadaye wakionyesha mwenendo mwema. Kijana akajiunga na jeshi, akarudi chuoni 1953, akahitimu 1956. Alikuwa Edward Kennedy. Mwaka 1962, akigombea useneta wa Massachusetts, kosa lile likatoka gazetini, naye akakiri. Akashinda, akabaki seneta hadi alipofariki 2009.

Aliyerudi 1953 alikuwa mtu yuleyule?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1694 kwamba nafsi ya mtu hufuata fahamu yake: tendo analolikumbuka kuwa lake ni lake, hata miaka ikipita. Kwa kipimo hicho, mwombaji wa chuo anayeulizwa kwenye fomu kama amewahi kuadhibiwa shuleni hawezi kusema aliyeibia mtihani alikuwa mtoto fulani, si yeye. Lakini kipimo hichohicho kinambeba, maana anayelikubali kosa kuwa lake ndiye anayeweza kulijutia na kujirekebisha. Faili la shule haliwezi. Linajua tarehe na adhabu tu.

Kwa hiyo kisanduku cha "ndiyo" au "hapana" kwenye fomu hiyo hakitoshi kupima tabia. Tena hakiwapimi watu sawasawa. Common App, mfumo ambao vyuo vingi vya Marekani huutumia kupokea maombi, ulikuta waombaji Weusi wakiripoti rekodi za nidhamu kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha Wazungu. Mwaka 2021 ukaliondoa swali la nidhamu kwenye fomu ya pamoja, ingawa chuo kinachotaka bado kinaweza kuuliza.

Kosa moja haliachi mke, na Kennedy alitendewa hivyo. Ila baba yake alikuwa tajiri na balozi wa zamani, na kaka zake walisoma palepale. Binti wa mfagizi aliyenakili insha ya mwenzake sekondari hana jina la kumtangulia. Ana aya moja tu ya kujieleza, na chini yake sahihi ya kuthibitisha kwamba yote ni kweli. Akificha na ikagundulika, nafasi yake inaweza kufutwa.

Akiulizwa, na aseme alichofanya, adhabu aliyopewa na alivyoishi tangu hapo, bila kumsingizia mwalimu wala rafiki. Nao maofisa wa udahili waisome aya hiyo hadi mwisho kabla ya kuliweka faili lake kando.