Maji ya Mto na Haki ya Walio Chini

Yafaa tujiulize: mwenye kuyazuia maji kwa faida iliyo halali, ana deni gani kwa viumbe walio upande wa chini wa mto?

Samaki wa Ziwa Turkana huliwa Lodwar na hupelekwa hadi Kakuma. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo huletwa na mto Omo kutoka Uhabeshi. Mwaka 2016 lilifunguliwa juu ya mto huo bwawa la umeme la Gibe III. Na mwaka 2018 UNESCO ikazitia mbuga za ziwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Atasema msemaji: "Mbona ziwa limejaa miaka hii?" Ni kweli, mvua zimekuwa nyingi. Lakini wingi wa maji pekee haumtoshi samaki. Yeye hungojea furiko la majira, lenye rutuba, ndipo azae, na bwawa hulipunguza furiko hilo.

Hatusemi umeme ni haramu. Twasema maji ni amana. Mwenye bwawa na aliachie furiko kwa wakati wake, na mvuvi naye aache nyavu za matundu madogo. Nuru ya mmoja isiwe njaa ya mwingine.