Kupe, Kichaka na Kadari

Mungu amepanga: ndivyo mfugaji anavyofarijiwa ng'ombe wake akifa kwa ndigana kali, iwe ni Masese kando ya Ziwa Viktoria au Mbale chini ya Mlima Elgon, nchini Uganda. Faraja hiyo siikatai, ila mara nyingi inafunga swali kabla halijaulizwa. Kupe wa kahawia wa masikioni hunyonya damu ya wanyama watatu maishani mwake. Kabla hajakomaa, kila akishiba hudondoka, akajificha majanini hadi ajivue gamba, na vijidudu alivyovipata kwa mnyama mmoja humwambukiza anayefuata. Basi kati ya mnyama na mnyama kuna ardhi, na uhai wa kupe unategemea kivuli na unyevu wa ardhi hiyo. Sisi ndio tunaoifyeka, tunaoiacha ishikwe na pori, tunaochunga palipopita nyati, ambaye hubeba vijidudu hivyo bila kuugua. Hata ng'ombe anayefugwa zizini huletewa kupe ndani ya mzigo wa majani.

Busoga, mashariki mwa Uganda, ina ushahidi mkubwa zaidi, ingawa huko ugonjwa ulikuwa malale na mbebaji alikuwa mbung'o. Malale yalipoua watu zaidi ya 200,000 Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha wakazi wa ufuoni kuanzia 1906. Watu walinusurika, lakini mashamba yao yaligeuka pori, makao ya wanyama na mbung'o. Miaka ya 1970 uchumi ulipoporomoka, mibuni na pamba viliachwa, vichaka vya lantana vikatanda, na kuanzia 1976 malale yakalipuka tena. Kisha 1998 yakazuka Soroti, ambako hayakuwahi kuwapo, yakifuata ng'ombe waliouzwa mnadani bila kutibiwa kama kanuni ilivyotaka. Sioni mahali hapa pa kuitenga kadari na mkono wa binadamu.

Ataniambia mcha Mungu kwamba ninampunguzia Muumba enzi yake. Lakini swali hili Khalifa Umar aliulizwa na jemadari wake Abu Ubaida mwaka 638 au 639, aliporudi njiani asiingie Sham (Syria) yenye tauni: je, unaikimbia kadari ya Mungu? Alijibu kwamba anatoka kwenye kadari kwenda kwenye kadari, akatoa mfano wa mchungaji aliyefika bondeni penye upande wa majani na upande mkavu. Popote atakapochunga ni kwa kadari, na bado kuchagua ni kazi yake. Pingamizi zito zaidi ni la haki: mjane anayekata majani ukingoni mwa kinamasi hakuchagua chochote. Ni kweli, na ndiyo maana lawama sharti ipimwe kwa uwezo. Mjane huyo hakuhamisha vijiji, hakuyaacha majosho ya kuogeshea ng'ombe yabomoke, wala hakufumba macho mnadani. Waliofanya hayo walikuwa na ofisi na mihuri, na ndio wasiopaswa kuruhusiwa kusema Mungu amepanga.