Ningeanzaje?

Kule Nakuru tulikotoka, mtu hununua chai. Hapa Singida anaiomba. Analipa vilevile, lakini anayeingia mgahawani pale karibu na stendi na kusema "Nipe chai" hutazamwa kama aliyekanyaga mkeka na viatu vya tope. Husemwa "Naomba chai", na kabla ya kuomba kuna salamu: za asubuhi, za nyumbani, umeamkaje, pole na kazi. Mimi na mume wangu tulihamia hapa miaka miwili iliyopita. Yeye aliajiriwa na kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mimi nilianza shahada ya umahiri Dodoma, na huenda huko kwa basi. Tulijiandaa kwa vibali, kwa upepo, kwa ukame. Lugha hatukuiandalia chochote, maana tuliamini tunayo.

"Kwa nini nimwombe mtu kitu ninachokilipia?" mume wangu aliuliza jioni moja, na hakuwa anatania. Swali lake lilinikaa. Jibu nililompa wakati ule bado ninalishikilia: unacholipia ni chai. Kuinuka kwa yule dada, kukufutia meza, kukukumbuka kesho kwamba hutumii sukari, hayo hayamo kwenye bei, na ndiyo unayoyaomba.

Fundi wa mlango alikuwa mtihani mgumu zaidi. "Sawa kaka, Jumamosi," alisema. Jumamosi ikapita. Tukampigia, akajibu kwa upole uleule, "Sawa kaka, nakuja." Jumamosi tatu zilikwisha hivyo. Mume wangu akahitimisha kwamba yule ni mwongo, tena mwongo mwenye adabu, aina aliyoiona mbaya kuliko zote. Jirani yetu, mama wa makamo anayeuza vitunguu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," aliniambia, "huyo alishakataa siku ya kwanza. Hamkusikia?"

Basi, je, ni uongo kama kila aliyekulia hapa anajua maana yake? Immanuel Kant, ambaye wengi tunamkumbuka darasani kwa ukali wake, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha hodi na kuuliza rafiki yako yuko wapi, huna haki ya kumdanganya. Lakini mwaka uliofuata, katika kitabu chake cha anthropolojia, aliulinganisha uungwana na sarafu ndogo: kila mtu anajua si dhahabu, kwa hiyo hakuna anayedanganywa, na huenda kwa kuizungusha mikononi watu wakaishia kuwa na utu wa kweli. Nilipoisoma hoja hiyo nilimfikiria fundi wetu. Alitupa sarafu ndogo. Sisi tukaenda nayo benki.

Ningeishia hapo kwa furaha, nikiwa mtetezi wa "naomba" na "shikamoo", kama si habari ya mizani.

Ilikuwa msimu wa mavuno. Wakulima walileta magunia ya alizeti kwa matoroli, bodaboda na malori ya kukodi, mengine kutoka mbali Mkalama. Kazi ya kupima ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na tisa. Siku moja uliletwa mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa ajili ya kukarabati sakafu, naye kwa udadisi tu akauweka juu ya mizani. Ukasoma 48. Akaushusha, akaupandisha tena. 48.

Mizani huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, lakini maafisa wake hawaji kila wiki. Aliyepaswa kuambiwa ni msimamizi wa ghala, mzee wa rika la baba yake, aliyemtoa kijijini na kumtafutia kazi hiyo. Kumwambia kwamba mizani yake inakosea kungeweza kusikika kama kumwita mwizi. Kijana akanyamaza wiki tatu. Kila asubuhi alisema shikamoo, akajibiwa marahaba, kisha akapima magunia kwa mizani anayojua haisemi kweli.

Alipoulizwa baadaye na mume wangu kwa nini hakusema, alijibu kwa neno moja: "Ningeanzaje?"

Mwishowe alimweleza mjomba wake. Mjomba akamwona mzee mwenziwe, na huyo, baada ya ibada ya Jumapili, akamuuliza msimamizi kama mtu anayepiga soga tu: hivi ile mizani yenu mliikagua lini? Jumatatu ilitengenezwa. Hakuna aliyeaibika. Kwa watu wa pale ghalani, njia hiyo ilifanya kazi vizuri sana, na sisemi hivyo kwa kejeli. Wakulima ambao namba zao za simu zilikuwa daftarini walilipwa tofauti. Waliokuja na malori, wakauza, wakaondoka bila kuandika namba, hawakupatikana.

Hapo ndipo sarafu ya Kant inaponishinda. Inahalalika mikononi mwa wanaoijua. Kijana na mzee walikuwa wanalipana heshima, kila mmoja akijua thamani yake, lakini kilo mbili za kila gunia zilitoka kwa mtu ambaye hakuwapo kwenye maamkizi yale wala hakuyakubali. Fundi alipotudanganya, kama alitudanganya, hasara ilikuwa yetu, na tungeweza kujifunza kusikia. Mkulima wa Mkalama angejifunza kusikia nini?

Mume wangu anasema yeye angesema palepale, mbele ya wote. Najua angesema. Mwezi wake wa kwanza alimsahihisha fundi mitambo mbele ya wenzake. Kosa lilirekebishwa siku hiyohiyo, na kwa wiki nyingi baadaye hakuna aliyemletea habari ya kosa jingine lolote. Ukweli mmoja wa haraka ulifukuza mwingine kadhaa. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua kati ya aibu ya mzee na kilo za mtu asiyekuwapo, nachagua kilo. Nasema hivyo nikijua kwamba mzee yule ndiye anayetuletea kuku kila Krismasi, na kwamba ni rahisi kwangu, mgeni ambaye hakutafutiwa kazi naye.

Juzi kijana alipita nyumbani kuchukua funguo. "Shikamoo dada," alisema, ingawa tumepishana miaka saba tu. Nilimuuliza, mizani ikikosea tena mwaka huu atafanya nini. Alifikiri kidogo, kisha akasema angemwendea mjomba siku ileile.

Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani, akauliza: na kama mjomba amesafiri?