Mali ni Yako, Sauti Je?



Mtu aliyeruzukiwa kwa halali akanunua gari jipya hana lawama akilifurahia. Mtume wetu (S.A.W.) alipokemea kiburi, mtu mmoja alimwuliza juu ya yule apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi pambo si haramu. Swali ni hili: pambo langu laishia wapi?

Tutazame mfano wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji huo u chini ya mlima Kwaraa, karibu na ziwa lenye viboko, na hapo hukutana njia za Arusha, Singida na Dodoma. Wilaya yake hulima sana mbaazi, hizi tuzilazo sisi wa pwani kwa nazi na mahamri. Huko pikapu ni chombo cha kazi: hubeba magunia, na usiku hubeba mgonjwa.

Chukulia kijana wa huko aliyeuza mbaazi miaka kadhaa, akajibana, akanunua Toyota Hilux mpya. Hata vumbi halijaingia, aipeleka kwa fundi. Sailensa ya kiwandani yakatwa, laungwa bomba pana la moshi, na gari languruma mtaa mzima wajue nani amepita.

Ndani ya sailensa mna vyumba na mirija yenye matundu. Mawimbi ya sauti hugonga kuta, yakarudi, yakakutana na wenzake, yakapunguzana nguvu. Fundi akiikata, kazi hiyo yote yapotea. Sauti hupimwa kwa desibeli, na kila zinapoongezeka 10, nguvu yake huwa mara 10. Ama nguvu ya gari yenyewe, kwa kubadili bomba tu bila kugusa injini, huongezeka kidogo. Kwa hiyo kilichonunuliwa hasa ni kelele.

Kijana atasema, "Mali yangu, nimeitolea jasho." Kweli, chuma ni chake. Lakini sauti ikishatoka bombani haimo tena mkononi mwake. Yaingia nyumba za watu bila kubisha hodi. Asiyependa rangi ya gari lako atageuza uso, kwani jicho lina kope. Sikio halina mlango, hata mwenye nalo akiwa amelala. Mzee mwenye maradhi ya moyo, mzazi aliyembembeleza mtoto hadi usiku wa manane, mtu aliyesimama katika tahajudi: wote hao wamelipia pambo lako, na hakuna aliyewauliza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake kwa nchi za Ulaya, lilihusisha kelele za barabarani na kukosa usingizi na maradhi ya moyo. Tanzania nayo ilitunga kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2015.

Sisi Waislamu hatukungoja vipimo hivyo. Lukman alimuusia mwanawe ateremshe sauti yake, akamkumbusha kuwa sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda. Mtume (S.A.W.) aliapa mara tatu kwamba hana imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Tena, alipokuwa katika itikafu msikitini, aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa. Akafunua pazia, akawaambia kila mmoja anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kisomo. Ikiwa Kurani yenyewe haisomwi kwa kumuudhi aliye pembeni, bomba la moshi litapata wapi ruhusa?

Lakini mizani hii tusimpimie kijana wa Babati peke yake. Adhana ni wito, ina wakati wake na ni fupi. Je, vipaza sauti vya harusi zetu vinavyolia hadi alfajiri, na mihadhara inayoelekezwa kwenye madirisha ya wagonjwa? Jirani anayenyamaza si lazima awe ameridhia. Huenda anatustahi tu. Na haki inayonyamaziwa duniani haijafutwa.

Basi, ewe uliyepewa chombo kipya, kipambe kwa lile ambalo asiyelipenda aweza kuligeuzia uso. Bomba likioza, tia jingine lenye sailensa yake. Ukitaka mtaa ukujue, mpeleke hospitali mwenye uchungu wa kuzaa usiku bila ya kumdai nauli. Jina lako litatajwa katika dua, na hakuna aliyelala atakayeamshwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie neema zetu zisiwe adha kwa waja wake. Amin.