Medali Iliyoibiwa

Soma Mathayo 6:19–21. Je, Yesu anataja maadui gani wa hazina iliyowekwa duniani?

Tarehe 21 Februari 2002, katika mji wa Ogden, Utah, nchini Marekani, Rhona Martin alishika jiwe la mwisho la fainali ya Olimpiki. Alikuwa Mskoti, mama wa watoto wawili, na nahodha wa timu ya wanawake ya Uingereza katika mchezo wa barafu uitwao kalingi. Uingereza 3, Uswisi 3.

Katika mchezo huu wachezaji wanne wa kila upande hutelezesha mawe mazito, ya kilo 20 hivi, juu ya barafu kwa umbali wa karibu meta 40, yakaishie ndani ya duara. Jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndilo lenye pointi. Mchezaji akiisha kuliachia jiwe, haruhusiwi kuligusa tena. Wenzake wawili hukimbia mbele ya jiwe wakiifagia barafu kwa brashi, maana barafu iliyofagiwa hulifikisha mbali zaidi. Hivyo hata jiwe linaloitwa la nahodha hufika kwa jasho la wengine.

Timu hiyo nusura isifike fainali. Katika hatua ya kwanza ilishinda michezo 5 na kushindwa 4, ikalazimika kucheza michezo miwili ya ziada dhidi ya Uswidi na Ujerumani, kisha ikaitoa Kanada katika nusu fainali. Sasa lilibaki jiwe moja. Martin aliliachia, likaliondoa jiwe la Waswisi, nalo likabaki karibu na kitovu. 4–3. Kule Uingereza saa sita ya usiku ilikuwa imekwisha kupita, na mamilioni walikuwa bado macho mbele ya televisheni. Tangu 1984 taifa lao halikuwa limepata dhahabu katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Medali hiyo iliwekwa katika jumba la makumbusho la Dumfries, Uskoti, ili watu waione. Mwaka 2014 wezi waliiiba.

Ni vigumu kupata mfano ulio karibu zaidi na maneno ya Yesu. Medali haikuachwa ovyo mezani, bali ilitunzwa mahali palipojengwa kwa ajili ya kutunza vitu vya thamani. Hata hivyo mwizi alifika. Yesu hakusema kwamba dhahabu ni kitu kibaya, wala kwamba mwenye bidii ni mpumbavu. Swali lake ni juu ya mahali: umeiweka wapi?

Soma 1 Wakorintho 9:24–27. Wakorintho waliyajua mashindano, kwa kuwa michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao. Mshindi alivikwa taji la majani, nalo halikuhitaji mwizi, lilinyauka lenyewe. Paulo hawacheki wanariadha hao. Anaistaajabia nidhamu yao, na kuwaaibisha kidogo waumini wanaotafuta taji lisiloharibika kwa bidii iliyo ndogo kuliko ile.

Lakini habari ya Martin ina upande mwingine. Februari 2014, kabla ya wizi ule, alikuwa Sochi, Urusi, safari hii akiwa kocha. Nahodha wa timu aliyoifundisha alikuwa Eve Muirhead, ambaye mwaka 2002 alikuwa msichana wa miaka 11. Wakapata medali ya shaba. Miaka minane baadaye, Beijing, Muirhead akiwa nahodha alitwaa dhahabu. Hakuna asemaye kwamba medali za wanafunzi ni hazina ya mbinguni. Nazo zaweza kuibiwa. Ila kile ambacho mwalimu alikuwa amekitia ndani ya wengine hakikuwa katika jumba la makumbusho usiku ule.

Soma 2 Timotheo 2:2. Paulo aliandika akiwa kifungoni, akijua kwamba saa yake ya kuondoka imekaribia. Mali hakuwa nayo. Hata joho lake alikuwa ameliacha Troa (2 Timotheo 4:13). Alichokuwa nacho alikuwa amekwisha kukikabidhi kwa Timotheo, naye Timotheo alipaswa kuwakabidhi watu waaminifu, na hao wawafundishe wengine.

Zungumzeni katika kundi lenu: Ni nani aliyelifagilia njia jiwe lako ulipokuwa mchanga katika imani? Na ni nani leo, kwa jina, unayemkabidhi kile ulichopokea?